Mbunge Mwingereza wa Kinondoni

Najua nimepotea. Wa kulaumu na alaumu, lakini TP jamani si mchezo. Andalio la somo kila siku, azimio la kazi, madaftari ya watoto ya kusahihisha hadi mkono unakufa ganzi, halafu jioni bando limekata na bumu halijaingia. Niko Bagamoyo, wiki ya tano sasa. Chumba nimepata Magomeni (Magomeni ya huku, sio ya kwenu Dar), bahari naisikia usiku, na kila asubuhi mama mwenye nyumba ananigongea dirisha kuniuliza kama nimekula. Kwa kifupi, mzima.

Leo sitaki kulalamika. Nataka kuwasimulia habari ya mbunge.

Wale tuliosoma pamoja semina ya muhula uliopita mnakumbuka ile kazi ya kuandika maisha ya mbunge mmoja wa Uingereza wa karne ya 17. Darasa karibu zima lilikimbilia Oliver Cromwell. Mimi nikamchukua John Hampden, kwa sababu tu nilipenda kwamba ugomvi wake na mfalme ulikuwa wa shilingi 20. Charles I alikuwa anatoza kodi ya meli bila kulishirikisha Bunge, Hampden akasema silipi, wakapelekana mahakamani. Mwaka 1638 majaji 7 wakawa upande wa mfalme, 5 upande mwingine. Kashindwa kesi, lakini nchi nzima ikamjua. Januari 1642 mfalme akaingia mwenyewe ndani ya Bunge na askari kuwakamata wabunge watano, Hampden akiwemo, akakuta wameshatoroka. Na hapa ndipo paliponifurahisha: siku chache baadaye watu wa kwao Buckinghamshire, maelfu, walipanda farasi hadi London kumtetea mbunge wao. Mwaka uliofuata, 1643, alijeruhiwa vitani akafa.

Sasa mtu akisikia "maelfu ya wananchi walimfuata mbunge wao" anaweza kudhani walikuwa na demokrasia ya kufa mtu. Hapana. Aliyeruhusiwa kupiga kura kwenye jimbo la Hampden ni mwanaume mwenye ardhi yake inayomwingizia angalau shilingi 40 kwa mwaka, sheria ya tangu 1430. Wengine wote walikuwa watazamaji. Hili la shilingi 40 liwekeni akilini, nitalirudia.

Kazi nilikusanya, nikapata alama zangu, nikasahau. Hadi wiki iliyopita.

Nafundisha Kidato cha Kwanza, lile somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili. Raha yake ni kwamba linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo watoto wanaongea! Ukiwafundisha historia kwa Kiingereza wanakutazama kama masanamu, lakini hapa mkono haushuki. Basi siku hiyo kipindi kiliteleza kidogo, tukatoka kwenye mada tukaingia kwenye uhuru. Nikauliza swali jepesi, nani anaweza kunitajia mtu mmoja aliyehusika kudai uhuru. Kuna mtoto mmoja, babu yake alikuja na jahazi kutoka Yemen miaka hiyo, familia yao ina duka. Akanyoosha mkono. Kabla hajafungua mdomo sauti ikatoka nyuma: "Madamu, huyo Mwarabu, uhuru wetu anaujulia wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Yule mtoto akashusha mkono, akacheka na yeye. Nyie mnajua kile kicheko cha mtu anayecheka ili asionekane ameumia.

Nikawanyamazisha, kipindi kikaisha. Lakini njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa naongea peke yangu. Hapa ni Bagamoyo, jamani. Mji huu una Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wamanyema waliofika na misafara, Wahindi, Waarabu, Washihiri. Sewa Haji Paroo, Mhindi, aliyepata utajiri kwa kuandaa misafara hapa hapa akafariki 1897, jina lake bado liko kwenye wodi za Muhimbili na kila siku wagonjwa wanalazwa "Sewa Haji" bila kujiuliza ni nani. Mimi mwenyewe nimetoka Kagera, sina hata miezi miwili hapa, hakuna aliyeniambia uhuru siujui. Aliyezaliwa mitaa miwili kutoka shuleni ndo anaambiwa.

Nikasema sitaki kuwapiga hotuba. Hotuba watoto wanazisikia asubuhi mstarini na zinaingilia huku zinatokea huku. Nikaamua kipindi kinachofuata niwape mtu. Ndipo nikamkumbuka Derek Bryceson, ambaye niliwahi kumsoma juu juu maktaba pale Mlimani nikitafuta kitu kingine kabisa.

Wangapi mnamjua? Msijibu, najua. Ukisema Jane Goodall, kila mtu: aah, yule bibi wa sokwe wa Gombe, aliyefariki Oktoba 2025. Bryceson alikuwa mume wake wa pili. Lakini kabla ya sokwe huyu bwana alikuwa mbunge. Mbunge wa Kinondoni. Ndiyo, Kinondoni hii hii mnayopita kila siku kwenye daladala.

Alizaliwa 1922 China, wazazi Waingereza. Vita Kuu ya Pili ikamkuta kijana, akawa rubani wa ndege za kivita. Akiwa na miaka 19 alitunguliwa kule Mashariki ya Kati, akaumia uti wa mgongo. Madaktari wakamwambia hutatembea tena. Akajifunza upya kutembea, na fimbo moja, mguu mmoja ukifanya kazi na mwingine akiurusha kutoka kiunoni, na alitembea hivyo maisha yake yote. Akasoma kilimo Cambridge, akaenda kulima Kenya kama miaka miwili, halafu mwanzoni mwa miaka ya 50 akapata shamba la ngano huku kwetu, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Mpaka hapo ni setla kama masetla wengine. Angeweza kubaki na ngano yake akinywa chai barazani. Kilichombadilisha ni siasa, na kukutana na Nyerere.

Hapa inabidi niwaeleze kidogo uchaguzi wa 1958, maana bila huo habari haieleweki. Serikali ya kikoloni ilileta kura ya ajabu, wazee walikuja kuiita kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Na sio kila mtu alipiga. Ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. (Mnaona shilingi 40 za Hampden zilivyosafiri? Miaka zaidi ya 500 baadaye Mwingereza yule yule anakuja na kipimo kile kile, anachobadilisha ni bei.) Ndani ya TANU wengi walitaka kususa. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, ndo ukaamua washiriki, ule wanaouita uamuzi wa busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. Na kwa kuwa lazima uchague Mzungu, TANU ikaona bora imuunge mkono Mzungu inayemwamini. Bryceson akawa mmoja wao.

Kwa hiyo mtu akisema "aah, huyo alipewa tu kwa kura tatu", kwa 1958 ana hoja. Kiti cha Mzungu kilikuwepo, lazima Mzungu akikalie. Mwaka 1959 walipoingizwa mawaziri watano kutoka kwa wabunge waliochaguliwa, walikuwa Fundikira, Kahama, Eliufoo, Amir Jamal na yeye. Watatu, mmoja, mmoja. Hesabu ya rangi bado.

Halafu ikaja Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru. Bunge linakaa Karimjee, linajadili muswada wa uraia. Na hapa ndo penyewe. Kuna wabunge wa TANU walisimama wakasema uraia uwe wa Waafrika, hawa wengine wasubiri, au wasipate kabisa. Usiwaone wajinga hao wabunge. Watu wao walikuwa wamenyimwa kila kitu kwa sababu ya rangi, sasa siku ya kugawa imefika, wanaambiwa gawaneni na wale wale waliokula jana. Hata mimi ningekuwa na babu aliyebeba mizigo ya Mzungu kutoka Bagamoyo hadi bara sijui kama ningekuwa mpole. Nyerere akawaka. Akasema wazi kwamba muswada huo ukikataliwa kwa misingi ya rangi, serikali yake inajiuzulu. Hakuwa anatania. Muswada ukapita.

Fikirieni Bryceson ameketi humo ndani siku hiyo, waziri, na wenzake wanajadili kama mtu wa aina yake ni mtu wa hapa. Kiti kimoja na yule mtoto wangu wa Kidato cha Kwanza, tofauti ni kwamba yeye hakushusha mkono.

Sasa njooni 1965. Septemba. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa chama kimoja. Viti vya rangi hakuna tena. Karibu kila jimbo wagombea wawili wa TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba, na kanuni inakataza mtu kufanya kampeni kwa kabila, dini au rangi. Hakuna kipato cha pauni, ukiwa raia mtu mzima unapiga. Bryceson anasimama Kinondoni, na mpinzani wake ni Mwafrika. Mzungu mwenye fimbo, mbele ya watu ambao miaka minne nyuma tu walikuwa wanatawaliwa na Wazungu. Akashinda, tena kwa kishindo.

Nilipofika hapo darasa lilikuwa kimya. Kisha yule yule wa nyuma, bingwa wetu wa kejeli, akauliza: "Madamu, wamemfukuza Mzungu halafu wanampigia kura Mzungu? Walirogwa?"

Swali zuri kuliko mengi niliyosikia semina, nawaambia ukweli. Nikawaambia tulifikirie wote.

Mmoja akasema labda waliogopa chama. Nikamkubalia nusu. Wagombea wote wawili walipitishwa na chama, hakukuwa na upinzani, nani awe kwenye karatasi hakuamua mwananchi wa Kinondoni. Sitaki kuwapamba watoto hadithi. Lakini kuchagua kati ya wale wawili kulikuwa kweli kabisa, na ushahidi ni walioanguka. Mwaka huo huo Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyezunguka na Nyerere nchi nzima, aliyewaingiza wanawake TANU kwa maelfu, alishindwa Rufiji. Paul Bomani, waziri, alishindwa Mwanza. Kama majina makubwa yangekuwa yanabebwa tu, hao wasingeanguka. Na kule Morogoro Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, akashinda. Yaani watu walikuwa wanachagua.

Msichana mmoja wa mbele, mpole sana, haongeagi, akasema: "Labda walimwangalia kazi." Basi. Mimi ningeandika kurasa kumi.

Nadhani ana haki. Na hilo ndilo linalonivutia kwa Bryceson kuliko mambo yote: hawakumpa kura ili kuonyesha dunia kwamba Tanzania haina ubaguzi. Mpiga kura wa Kinondoni wa 1965 hakuwa anaandika makala ya UNESCO. Alimpima kama anavyompima mbunge yeyote: huyu ni waziri, ameshika Afya, ameshika Kilimo, anaongea Kiswahili, anakuja akiitwa. Kumpima mtu hivyo maana yake unaweza pia kumkataa mwaka mwingine. Bibi Titi alikuwa wa damu, wakamwangusha. Huyu wa kuja, wakamweka. Kote mtu kahesabiwa kwa mzani mmoja. Mimi naona huo ndo uenyeji wenyewe, siku unapoweza kushindwa uchaguzi kama mtu mwingine yeyote.

Sijasema alikuwa malaika. Miaka ya 70 alikabidhiwa kuongoza Hifadhi za Taifa, ndo akawa na Jane Goodall. Mwaka 1974 ndege yao ndogo ilianguka Ruaha wakatoka wazima, 1975 wakaoana. Mei mwaka huo huo waasi kutoka Zaire wakavuka ziwa usiku wakateka watu wanne Gombe, Wamarekani watatu na Mholanzi. Wote waliachiwa baadaye baada ya mazungumzo marefu Dar, na wapo waliomlaumu Bryceson kwa namna alivyoliendesha jambo lile. Ila kilichofuata watu hawakisemi sana. Wanafunzi wa nje wakaondolewa Gombe, na utafiti ukabaki mikononi mwa Watanzania wa pale pale, akina Hilali Matama. Bryceson alikuwa anakwenda nao, anakaa nao, anawapangia kazi ya kuandika kumbukumbu kwa Kiswahili. Utafiti haukufa. Hili nililitaja haraka tu darasani kwa sababu muda ulikuwa unakwisha, lakini nyie watu wa Elimu lifikirieni: takwimu za sokwe maarufu kuliko wote duniani ziliandikwa kwa lugha ambayo sisi tunaambiwa haiwezi kubeba sayansi.

Saratani ikamchukua Oktoba 1980, akiwa Ujerumani kwenye matibabu, miaka 57. Nyumba yao ilikuwa kando ya bahari, upande wa kaskazini wa Dar, na kwenye baraza ya nyumba hiyo, 1991, Jane alikutana na wanafunzi 12 wa sekondari wakaanzisha Roots & Shoots. Baadhi yenu mlikuwa na klabu yake shuleni mkapanda miti.

Kipindi kilikuwa kimebaki dakika chache. Mtoto mmoja akauliza, "Kaburi lake liko Kinondoni, Madamu?" Maana Kinondoni kwa watoto hawa ni makaburi na wasanii. Nikawaambia hana kaburi. Mwili ulichomwa, majivu yakamwagwa Bahari ya Hindi, kwenye matumbawe alikokuwa anapenda kuogelea, kwa sababu majini ile miguu haikumsumbua.

Yallah! Mngesikia kelele. "Kachomwa?!" "Mtu mzima?!" Watoto wa Pwani, misikiti kila kona, jambo la kuchoma maiti lilifuta habari yote ya Bunge. Wa nyuma kasimama kabisa. "Kwa hiyo yuko baharini? Hii hii?" Nikasema hii hii, maji ni yale yale, kutoka Msasani hadi hapa. Mwingine akaapa haogi tena.

Katikati ya vurugu hiyo yule mtoto wa Kishihiri alinyoosha mkono. Safari hii nilimwangalia wa nyuma kwanza, nikahakikisha amefunga mdomo, ndo nikampa nafasi.

"Mi babu yangu kaburi lipo," akasema. "Na baba yake babu. Hapa hapa, njia ya kwenda Kaole. Mkitaka nawapeleka."

"Jumamosi?" wa nyuma akauliza.

"Jumamosi nauza duka. Jumapili."

Kengele ikagonga. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa ameshasimama mlangoni na chati yake ya moyo.